Mlango unaopiga wanawake tu

Juma lililopita nilikwenda Mwaloni Kirumba kununua dagaa. Mama mmoja ninayemfahamu kwa miaka mingi pale, muuzaji wa jumla, alikuwa amejitanda khanga hadi usoni ilhali jua la saa tano lilikuwa kali. Nilipomwamkia, khanga ikateleza. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba na kufumba kabisa.

"Nimejigonga mlangoni, kaka," akasema kabla sijauliza. Katika kazi hii ya redio nimekwisha kuisikia habari ya milango hiyo mara nyingi mno, na ajabu yake ni kwamba haiwagongi wanaume.

Baadaye alinieleza. Mume alidai fedha za mauzo, naye akakataa kwa kuwa zilikuwa za kuwalipa wenye mitumbwi. Akapigwa. Alipokwenda kulalamika kwa mzee mmoja wa mtaa, aliambiwa ya ndani yaishie ndani. Aliporudi nyumbani akapigwa tena, safari hii kwa kosa la kutoka.

Mzee yule alikosea, na wengi wetu tunakosea pamoja naye. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Haiulizi mahari ilikuwa ng'ombe wangapi. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 56, inampa mke haki sawa na mume ya kumiliki mali, kwa hiyo fedha za dagaa zilikuwa zake. Na Kanuni ya Adhabu inasema shambulio la kudhuru mwili ni kifungo hadi miaka 5, na madhara makubwa hadi miaka 7. Hakuna mahali ilipoandikwa "isipokuwa mume".

Aliyepigwa aende polisi mapema, akachukue fomu ile ya PF3, ambayo haiuzwi, kisha aende nayo hospitali daktari aijaze. Asingoje wiki mbili. Jeraha likipona na ushahidi umepona. Siku hizi vituo vingi vina dawati la jinsia na watoto. Hapa Mwanza lipo pia shirika la Kivulini, ambalo limekuwa likisaidia wanawake tangu mwaka 1999.

Lakini nisiwapambie sheria zetu. Ziwa hili ni la nchi tatu. Uganda ilitunga sheria ya ukatili wa majumbani mwaka 2010, Kenya mwaka 2015, na huko mke aweza kuomba mahakama imwamuru mume asimguse wala asimkaribie. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo. Tunacho kifungu cha 140 cha Sheria ya Ndoa, kinachoiruhusu mahakama kumkataza mtu kumsumbua mwenzi wake, ila ni pale tu penye shauri la ndoa mahakamani au lililokwisha kuamuliwa. Je, yule asiyetaka talaka, anayetaka kipigo kikome tu? Hilo ni pengo, na waheshimiwa wabunge wetu wa kanda hii wangefaa kulisemea.

Wapo wanaovumilia kwa kuogopa kutoka mikono mitupu. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata nyongeza, maana majaji waliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilimtosha, lakini wanawake wengi waliomfuata wamegawiwa mali kwa uamuzi huo.

Niliyaeleza hayo pale mwaloni, tumekaa juu ya magunia. Mama akasikiliza, kisha akauliza, "Na akifungwa, kaka, watoto watalishwa na nani?"

Nikamwuliza sare za shule za mwaka huu alinunua nani. Akanyamaza. Mwenzake aliyekuwa akipima dagaa akajibu badala yake: "Yeye. Na kodi ya nyumba, yeye."

Kesho yake asubuhi huyo mwenzake aliacha mizani, akamsindikiza kituoni kuchukua fomu.