Msamaha Haujazi Rafu ya Dawa



Mwaka 1993 serikali yetu ilianza kutoza ada katika hospitali zake. Wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano walisamehewa. Lakini msamaha ulioandikwa haujazi rafu ya dawa. Mara nyingi mama huambiwa, “Kanunue dukani.” Hospitali za kanisa nazo zimebanwa: zisipotoza, zitafungwa, zikitoza, maskini hurudi nyumbani na ugonjwa wake.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekusudia wasio na uwezo walipiwe. Ni nani atakayewatambua? Sisi majirani ndio tunaoijua nyumba ambayo jana moto haukuwashwa jikoni. Tusinyamaze wakati majina yanapoandikwa.