Ulinzi wa Mtaa ni Kazi ya Majirani Wote



Tumeombwa tuzungumze juu ya usalama katika miji yetu miwili, Korogwe na Handeni.

Korogwe ipo kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Wageni hushuka kila siku, hupanga chumba, na wengine huondoka kabla jirani hajawajua jina. Handeni shida kubwa ya miaka mingi ni maji. Akina mama wameamka kabla ya mapambazuko kutafuta ndoo moja, na njiani gizani hawana mlinzi ila jirani. Wanaoumia zaidi ni maskini: mama lishe anayefunga kibanda usiku, kijana wa bodaboda, bibi anayelea wajukuu peke yake. Askari polisi hawawezi kuwa katika kila uchochoro.

Jambo hili si geni kwetu. Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, na mwaka 1989 wakatambuliwa kisheria. Tangu mwaka 2006 Jeshi la Polisi, wakati huo likiongozwa na IGP Said Mwema, lilihimiza polisi jamii na ulinzi shirikishi. Lakini historia hiyo hiyo inatuonya. Baadhi ya vikundi vilipiga watu, vilitoza faini holela, na vilifukuza wazee kwa tuhuma za uchawi. Ulinzi usio na utaratibu huwa hatari nyingine mtaani.

Kwa hiyo tunasisitiza mambo matatu.

La kwanza, kikundi kiwe chini ya serikali ya mtaa na kijulikane polisi. Mabalozi wa nyumba kumi ni wa chama kimoja. Ulinzi ni wa watu wote. Wakristo na Waislamu wa miji hii wanazikana na kulishana katika sherehe, walindane pia. Uamuzi ufanyike katika mkutano wa mtaa, na akina mama waseme ni njia ipi inawatisha na saa ngapi. Wao ndio wanaoijua.

La pili, kuwe na daftari. Liandikwe jina la kila aliye zamu, saa ya kutoka na kurudi, na tukio lililoonekana. Michango itolewe kwa stakabadhi na isomwe mbele ya wananchi. Mjane asiye na cha kuchanga asinyimwe ulinzi. Kikundi hufa haraka pale fedha inapofichwa.

La tatu, nalo ndilo zito kuliko yote: mtuhumiwa afike polisi akiwa mzima. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda mbele yake baadhi ya makosa, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kumpiga. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Sote tumesikia habari za "wananchi wenye hasira kali". Anayeitiwa mwizi usiku anaweza kuwa mgonjwa wa akili, mlevi aliyepotea nyumba, au mtoto wetu wenyewe. Akishauawa, hakuna mkutano utakaomrudisha, na mwizi wa kweli bado yuko huru.

Ndugu wafadhili, mahitaji ya vikundi hivi si makubwa: tochi, filimbi, mabuti, makoti ya mvua, daftari, na taa penye njia ya maji. Msitoe silaha. Wajumbe wa parokia, msaada wenu ni kuwashawishi vijana wasio na kazi waingie zamu na waheshimiwe, maana kijana aliyekabidhiwa mtaa huulinda.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkirudi, ulizeni katika mtaa wenu: daftari la zamu liko wapi, na nani alilisoma mara ya mwisho? Kama halipo, kazi ianzie hapo.