Msaada wa Dharura Huanzia Kijijini
(Mazungumzo na walimu na watumishi wa umma, Ilagala)



Mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijaa katika kijiji cha Kagunga, mpakani. Nyuma yao mlima, mbele yao ziwa; barabara haikuwapo. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikawa inawachukua wapatao 600 kwa safari moja hadi Kigoma, na kabla haijawamaliza, wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Somo hilo linatuhusu. Ilagala ipo penye mlango wa mto Malagarasi. Maji yakipanda au maradhi yakizuka, msaada wa wilaya na mkoa utakuja. Lakini saa za kwanza ni za wanakijiji wenyewe.

Je, ni nani anayeijua nyumba ya mzee asiye na mtoto, au ya mjane anayelea wajukuu? Walengwa wa TASAF hujadiliwa mbele ya mkutano wa kijiji. Utaratibu huo ni mzuri, lakini asiyeweza kutembea hafiki mkutanoni, na asiyefika ni rahisi kusahauliwa.

Mwalimu humjua mtoto ajaye shuleni na njaa. Muuguzi humjua mjamzito anayeishi peke yake. Ofisa mtendaji ana daftari. Watatu hao wakutane kabla ya mafuriko, waandike nani atabebwa na nani atambeba.

Mnyonge asingojwe aje kuomba. Afuatwe alipo.