Chupa ya Soda Isiyo na Soda

Leo tunazungumza juu ya vitu tunavyonunua kwa nia njema, ili tuwe safi na tupendeze: jiki, dawa ya choo, sabuni ya maji na krimu za mwili.

Hebu nikuulize. Chini ya meza yako ya jikoni kuna chupa ngapi za soda ambazo ndani hazina soda? Ukienda madukani hapa Kabazi, au kule Subukia, unaweza kupimiwa jiki au sabuni kutoka kwa jerikeni kubwa, kwa sababu ni nafuu. Hakuna ubaya kutafuta nafuu. Lakini unapimiwa ndani ya nini? Mara nyingi ni chupa ya soda au ya maji uliyotoka nayo nyumbani. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Yeye husoma umbo la chupa. Siku ya Krismasi alipewa soda katika chupa kama hiyo, akaonja, akafurahi. Sasa ni mchana, jua ni kali, wewe uko nje unaanika nguo. Mtoto ana kiu, na anaiona chupa aliyoizoea. Huo si utundu, mama. Amefanya vile alivyofundishwa.

Jiki huchoma mdomo na koo. Kostiki, ile soda ambayo vikundi vya akina mama hutengenezea sabuni, ni mbaya zaidi. Inaweza kuunguza koo likabaki na kovu, hata mtoto ashindwe kumeza chakula. Mafuta ya taa nayo yakiteleza kuingia mapafuni, mtoto hupumua kwa shida.

Ikitokea ajali, usimtapishe. Kitu kilichomchoma kikishuka kitamchoma tena kikipanda, na mafuta ya taa yanaweza kuingia mapafuni wakati anatapika. Usimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta ya kupikia. Mpanguse mdomo kwa maji safi, mvue nguo zilizolowa, na umkimbize kituo cha afya kilicho karibu. Beba na ile chupa, ili daktari ajue amekunywa nini. Usingoje jioni uone kama atapata nafuu.

Kosa la pili ni kuchanganya. Wengi wetu tunaamini kwamba dawa mbili zikiwekwa pamoja nguvu inaongezeka. Sivyo. Dawa nyingi za choo zina asidi, na jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Hata siki na ndimu ni asidi. Gesi hiyo ndiyo iliyotumiwa kama silaha ya vita huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Sasa fikiria gesi hiyo katika bafu dogo lenye kidirisha cha kiganja, na wewe umembeba mtoto mgongoni.

Vilevile usimwage jiki juu ya mkojo, iwe ni kwa poti ya mtoto au kwa nepi. Suuza kwa maji kwanza. Ukisikia macho yanawasha na kikohozi kinakubana, toka nje na mtoto mara moja, acha mlango wazi, na usirudi kumalizia kazi. Kama kupumua bado ni shida, nenda hospitali.

Jambo la tatu ni krimu na sabuni za kujichubua. Baadhi yake zina zebaki, yale madini ya majimaji yanayong'aa yaliyokuwa ndani ya vipimajoto vya zamani. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Lakini haiishii kwa ngozi. Huingia mwilini, huumiza figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni. Hubaki pia kwa taulo, kwa shuka, na kwa mikono unayomshikia mtoto.

Kenya ilipiga marufuku sabuni zenye zebaki na krimu zenye haidrokwinoni mwaka 1998. Mwaka 2023, nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata, mkataba wa dunia juu ya zebaki, zilikubaliana kuondoa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki. Hata hivyo bado vinapatikana vikiuzwa. Kwa hiyo soma mkebe kabla hujalipa. Ukiona neno mercury, calomel, mercurio au hydroquinone, rudisha. Ukiona onyo kwamba krimu isiguse dhahabu au fedha, rudisha, kwa maana hiyo ni dalili ya zebaki. Na kama mkebe hausemi kilichomo, usiupake mwilini mwako, sembuse kwa mtoto.

Basi tufanye nini? Kwanza, punguza. Vyombo, sakafu na nguo huhitaji sabuni ya kawaida, maji na mkono unaosugua. Jivu laini litatoa masizi ya sufuria. Harufu kali si usafi. Nyumba safi haina harufu yoyote. Jiki iweke kwa siku inayohitajika, kama vile kuna mgonjwa wa kuhara au kutapika. Itie kwa maji baridi, kwa kipimo kilichoandikwa, na ufungue madirisha.

Pili, tenga. Kama unapimiwa, rudi na chupa ileile ya jiki iliyo na karatasi yake. Usitumie kamwe chombo cha kunywa au cha chakula. Weka juu, mahali mtoto hafiki hata akipanda kiti, na ufunge.

Tatu, usitumie dawa ya mifugo kwa binadamu. Wako wanaowapaka watoto dawa ya kupe kichwani ili kuua chawa. Dawa hiyo ni sumu na hupita kwenye ngozi. Tumia kichana chenye meno ya karibu, au uulize dawa ya chawa kituo cha afya.

Mama, kinga ni bora kuliko tiba. Leo jioni kabla ya kulala, chukua taa uzunguke nyumba yako. Kila chupa utakayoiona, jiulize: mtoto wangu akiiona hii, atafikiri ni nini? Kama jibu ni soda au maji, usilale kabla hujaiondoa.

Mwambie na jirani yako.