Sauti inapokwaruza: mutoto hasikii, ao ekutere njo mbaya?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kamalondo



Niliombwa niongee juu ya vile vidude vidogo vya muziki na ekutere zake, sababu gani sauti inakwaruza na nini ifanyike. Najua mu roho ya wengine kuna swali: sisi tuliorudi tuna matata ya nyumba, ya vitambulisho, ya kazi, na huyu analeta mambo ya muziki! Mungojee kidogo.

Watoto wengi wa chama hiki walianza masomo kule Zambia, Meheba, Kala, Mwange, na hawa wa karibuni Mantapala. Walisoma kwa Kiingereza, na ku lupango walisema Kibemba. Hapa mutoto anaweza kuanza darasa la kwanza na la pili kwa Kiswahili, lakini kisha ya pale Kifaransa njo kinatawala, mpaka mtihani wa mwisho wa darasa la sita, mpaka Examen d'État. Basi kijana wa miaka 14 anakaa benchi moja na wa miaka 9, na magoti hayaingii chini ya meza. Ndiyo maana mwalimu wetu alirekodi masomo ya Kifaransa, tukayagawanya ndani ya karte za memuari, na kila jamaa ikatafuta kidude chake ku soko. Mutoto anasikiliza, anarudilia, anaandika. Kama sauti ni mbaya, somo ni mbaya. Kwa hiyo tunapoongea juu ya ekutere leo, tunaongea juu ya shule.

Mama mmoja, naye yuko hapa ndani lakini sitamtaja, alikuja na binti yake akaniambia: «Huyu mutoto Kifaransa hakimuingiake mu kichwa. Mwalimu anasema neno, yeye anaandika ingine.» Niliangalia daftari. Mahali pa «seau», yaani ndoo, aliandika «faux». Mahali pa «chaud» aliandika «seau». Nikaona jambo: makosa yake yote yalikuwa ya aina moja. Yalikuwa ku herufi zile zinazotoka kama upepo kati ya meno, s, f, ch. Herufi nyingine aliandika sawasawa. Nikachukua ekutere zake nikatia mu masikio yangu. Sauti ilikuwa kama mutu anaongea akiwa amefunikwa blanketi. Sauti nene zinapita, sauti nyembamba zinabaki nje, na s, f, ch zote zinakaa ndani ya zile nyembamba. Vitundu vya ekutere vilikuwa vimezibwa na uchafu wa masikio na vumbi nyekundu yetu hii. Tukasafisha, tukarudilia maneno yaleyale. Aliandika yote vizuri, na mama yake akanyamaza kidogo.

Sisemi kila mutoto mwenye shida ya Kifaransa ana ekutere chafu. Ninasema tuangalie kitu mbele ya kumuhukumu mutu.

Sasa, jambo la kwanza la kujua: «inakwaruza» ni jina moja ambalo tunapatia magonjwa mengi. Inayolia kama nzuki, inayokatika-katika, inayofifia, ile ambayo sauti ya mutu inapotea na muziki unabaki, kila moja ina mzizi wake. Mukinileteaka kidude, musiniambie tu «imekufa». Mulie vile inalia! Ndiyo, munacheka, lakini ile munamna mutu anaiga sauti inanipatia nusu ya jibu.

Na namna ya kutafuta ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa mara moja. Kidude kilekile, somo lilelile, ekutere za jirani. Kama sauti imekuwa safi, shida ni ekutere, kazi imeisha. Kama bado inakwaruza, rudisha ekutere zako, sasa badilisha somo: weka wimbo ao somo lingine. Kisha, telefone ya mutu na karte yako ndani. Ukibadilisha vyote pamoja, sauti inaweza kupona na hautajua ni nini kilichoiponyesha. Fundi mwingine ku soko hana wakati wa kufanya hivi, anakuambia ununue kingine. Jaribu mwenyewe mbele ya kutoa franka.

Nikae kidogo juu ya ugonjwa mmoja, kwa sababu unadanganya watu zaidi ya yote. Mutoto anakuja: «Muziki unalia, lakini masomo yamefutika.» Unafungua karte, masomo yako pale yote. Unayapiga, kimya, ao mnong'ono mdogo kama mutu yuko chini ya kisima. Unapiga wimbo, gitaa na ngoma zinasikika, muimbaji amepotea. Watu wanasema ni virusi, wanafuta karte yote, masomo yanakwenda kweli. Apana! Angalia kile kichwa cha chuma cha ekutere. Kina pete. Kipande kimoja ni cha sikio la kushoto, kingine cha kuume, na kimoja ni njia ya kurudilia ambayo masikio yote mawili yanatumia pamoja. Kama ile njia ya kurudilia haigusi vizuri, umeme unapita kutoka sikio moja kwenda lingine, na kinachosikika ni tofauti tu kati ya kushoto na kuume. Muimbaji mara nyingi yuko sawa kwa pande zote mbili, basi anajifuta. Na masomo yetu yalirekodiwa kwa mikrofone moja, kushoto na kuume ni kitu kilekile kabisa. Ukitoa kitu ndani yake mwenyewe, inabaki sifuri.

Dawa? Sukuma kichwa mpaka mwisho, mpaka kiseme «tak». Kama kidude kina kifuniko cha plastiki ao cha mpira kinachozuia, kitoe. Kama bado, zungusha kidogo. Ekutere za telefone zenye kale kabatoni ka kuongelea mara nyingi zina pete nne, na vidude vingine vya bei ndogo vimetengenezwa kwa pete tatu, havipatani. Njia ya kuhakikisha: finya ile batoni. Kama sauti ya mwalimu inarudi muda unaofinya na inapotea ukiachilia, umepata mgonjwa wako. Tafuta ekutere zisizo na batoni, ao vuta kichwa nje kidogo sana, wakati mwingine kinapata fasi yake.

Kama sauti inakatika ukitikisa waya, waya umekatika ndani, mara nyingi karibu na kichwa, pale watoto wanapokunja. Mwenye kujua kuchomelea anaweza kukata na kurudisha. Mwingine aache. Na tafadhali, tusifunge waya kuzunguka kidude kwa nguvu; njo vile zinakufa.

Sasa ile inayolia kama nzuki. Ndani ya ekutere kuna ngozi nyembamba ya plastiki, kama ngozi ya ngoma, nyuma yake waya mwembamba uliozungushwa na sumaku. Unywele mmoja ukiingia na kugusa ile ngozi, kila neno linalia bzzz. Mchanga vilevile. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, vumbi yetu inaingia kila fasi. Chukua burosi ya meno iliyo kavu, geuza ekutere uso chini ili uchafu uanguke nje, papasa pole. Usitie maji, usitie esansi, usipulize kwa mdomo kwa sababu mate yanaingia. Tundu la kidude, tumia kijiti cha mbao chenye pamba kidogo sana, na kidude kimezimwa. Sindano hapana. Nimeona tundu zilizopasuliwa na sindano, hazina dawa.

Vijana ku mulango, hapa njo pa kwenu. Mu kidude kuna fasi ya kupanga sauti: kuna «rock», kuna «bass», kuna «normal». Ninyi munaipenda ile inayopiga kifua. Lakini sauti ndani ya kidude ina dari. Nyimbo za sasa zinarekodiwa zikiwa tayari zimegusa dari. Ukiongeza bass juu yake, ni kama mutu mrefu anayeruka chini ya mabati: kichwa kinagonga, kinakatwa. Ule ubapa wa juu njo ule mkwaruzo munausikia. Hakuna ekutere ya bei gani itauponyesha. Rudisha ku «normal», shusha sauti vipande viwili ao vitatu, sikiliza tena. Na wale wa kwaya wanaounga kidude ku bafle kubwa: kidude kisiwe ku mwisho. Kiweke chini ya mwisho, kisha ongeza bafle yenyewe. Betri ikikaribia kuisha, sauti kubwa inavunjika pia, basi jaza betri mbele ya kulaumu. Na mlio wa «mmmm» unaokuja tu wakati kidude kiko ku sharjeri unatoka ku sharjeri. Chomoa, utanyamaza.

Kuna mkwaruzo ambao hauko wa kuponya kwa sababu uliingia siku ya kurekodi. Tata mmoja aliniletea nyimbo za Mwenda Jean Bosco, zile Hugh Tracey alianza kurekodi kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Alitaka nitoe ile «kra-kra». Ile ni sahani ya zamani iliyokwaruzwa, kisha ikanakiliwa, na nakala ikanakiliwa tena. Na Konono N°1 ya Kinshasa, likembe zao zinanguruma kwa vikuza sauti walivyojitengenezea kwa vyuma vya magari mabovu. Ule mngurumo njo utamu wao, watu wa Ulaya walilipa kuusikia. Basi usifungue kidude kwa sababu ya Konono.

Masomo yetu ni kitu kingine, yalirekodiwa safi. Kama yako yanasikika kama mutu anaongea ndani ya kikopo na maji, yamefinywa sana na mutu aliyetaka yaenee. Kwa sauti ya mutu mmoja kilobiti 64 kwa sekunde zinatosha vizuri, muziki unataka 128 ao zaidi. Kuna mafundi wanaochukua faili ya 32 wanaigeuza 128, wanasema wameitengeneza. Ni bongo. Kilichotupwa hakirudi, faili inakuwa nzito tu. Kuja uchukue nakala mpya kwetu. Na kama somo linaruka, linaganda, linarudilia neno moja, hiyo ni karte. Kuna karte zinaandikwa giga 32 na ndani hazifiki. Sauti za wazee mulizorekodi, majina ya ukoo, nani alizikwa wapi kule kambini, musiziache mu karte moja tu. Tunazo mashini hapa, tutanakili bila malipo, na hakuna mutu atasikiliza mambo ya jamaa yako.

Neno juu ya masikio. Sauti ikiwa mbaya, mutoto anaongeza. Jirani ana bafle, buvette iko inapiga, siku ya mechi uwanja wa Mazembe unavuma mpaka ndani ya nyumba, mutoto anaongeza tena. Shirika la Afya Duniani linasema mutu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na mutoto 75 kwa saa zilezile. Ikifika 90, mutu mzima ana saa nne tu kwa juma nzima. Ikifika 100, dakika 20. Hatuna kipimo nyumbani, lakini kuna njia: kama mutoto amevaa ekutere na wewe uliye karibu unasikia maneno, ni kali sana. Kama akizitoa masikio yanalia «nyiii», alipita mpaka. Sikio haliko kama waya. Likikatika ndani hakuna fundi wa kulichomelea. Afadhali asome asubuhi mapema, mtaa ukingali kimya, kwa sauti ya chini.

Bamama, kuna jambo ninaomba kwenu peke yenu. Mukivaa ekutere za mutoto na kusikia Kifaransa musichokielewa, mutasema, nitajuaje kama ni safi? Kuna somo la kwanza, mwalimu anajitambulisha kwa Kiswahili na anahesabu moja mpaka kumi. Sikilizeni lile. «Sita» na «saba»: kama ile s inakata vizuri kama kisu, ekutere ni nzima. Kama inasikika kama «fita», letee sisi.

Siku ya posho, kisha ya chakula cha muchana, tutakuwa hapa ndani na burosi, pamba, ekutere mbili za kupimia na mashini ya kunakili. Leta kidude kikiwa na betri imejaa, leta karte, na leta mutoto pia pamoja na daftari lake, kwa sababu makosa yake yanatuonyesha upesi kuliko sisi kusikiliza somo nzima. Vidude vilivyoingia maji musiviwashe, vileteni vilivyo.