Nyundo na Mpini Wake: Kumkumbuka Emil von Zelewski wa Lugalo



Mlitarajia nimzungumzie Mkwawa, mtawala wetu Wahehe. Nitamzungumzia mtu aliyeuawa na jeshi la Mkwawa asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891, akiwa na umri wa miaka 37. Najua wapo watakaoguna. Mhehe mzima asimame mbele ya umma amkumbuke kamanda wa Kijerumani? Guneni, lakini nivumilieni.

Kilichonichokoza ni sentensi moja. Katika kongamano la mwaka jana, mwenzangu ninayemheshimu (yumo humu ukumbini, namwona anacheka) alisema kwamba Lugalo haikuwa vita, ulikuwa uzembe. Kamanda mjeuri aliingia mtegoni macho yamefumba, na yeyote mwenye mkuki mkononi angemmaliza. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikosa usingizi siku ile, na mhadhara huu ndio matokeo yake.

Historia yenyewe mnaijua, nipite haraka. Emil von Zelewski alizaliwa mwaka 1854 huko Bendargau, Prussia Magharibi, mahali ambapo leo ni Poland. Alikuwa ofisa wa jeshi la Prussia, akaja kwetu kufanya kazi na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, kisha akawa chini ya kamanda Wissmann katika vita vya pwani, na mwaka 1891 akawa kamanda wa jeshi jipya la koloni. Waafrika walimwita Nyundo. Aliondoka Kilwa mwezi Juni akiwa na Wazungu 13 pamoja na yeye mwenyewe, askari wapatao 320, wapagazi kama 170, bombomu na mizinga midogo. Akachoma vijiji njiani. Pale Lugalo, mashariki ya mji wa leo wa Iringa, Wahehe wapatao 3,000 waliinuka kutoka vichakani. Kwa dakika chache tu Wazungu 10 walikuwa wamekufa, pamoja na askari zaidi ya 200 na wapagazi wengi. Inasimuliwa kwamba Nyundo mwenyewe alichomwa mkuki na kijana wa miaka kama 16, akiwa juu ya punda.

Sasa nije kwenye huo uzembe. Sikatai yaliyo wazi. Hakupeleka wapelelezi wa kutosha mbele. Msafara ulijinyoosha kama siafu katika njia nyembamba yenye majani marefu pande zote. Bunduki nyingi hazikuwa na risasi ndani, na mizinga ilikuwa imefungwa migongoni mwa punda, mahali ambapo mzinga hauna tofauti na gunia la chumvi. Askari walipata kufyatua mara moja au mbili, basi. Mwenzangu ana ushahidi wote huu, na ushahidi ni wa kweli.

Lakini tujiulize umetoka wapi. Sehemu kubwa umetoka kwa Luteni Tettenborn, aliyekuwa nyuma ya msafara na akasalimika. Nimeisoma taarifa yake mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila ninapoisoma naona mtu anayeeleza kwa wakubwa wake kwa nini yeye yuko hai. Alisikia milio mbele, akapanda kwenye mwinuko, akasimamisha bendera ili majeruhi waione, akasubiri. Ni maelezo ya mtu jasiri, na sina sababu ya kuyadharau. Ila mkubwa aliyekufa hana wa kumjibia. Kila lililoharibika liliweza kuwekwa juu ya kaburi lake bila mtu kubisha, na Wajerumani waliendelea kwa miaka mingi kuliita tukio lile kwa jina lake, kana kwamba ni ugonjwa aliougua peke yake. Bushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, alipopigwa, iliyopongezwa ilikuwa Ujerumani nzima. Jeshi lilipofutwa Lugalo, ikawa ni balaa la Zelewski.

Hapo ndipo sentensi ya mwenzangu inaponiudhi. Inavaa nguo za mzalendo, lakini kitambaa chake kilifumwa Berlin. Wakoloni walihitaji sana Lugalo liwe kosa la mtu mmoja, kwa sababu kama si kosa la mtu mmoja, basi ni kazi ya watu 3,000 waliofundishwa vita. Nasi tunaipokea hadithi hiyo, tunaifurahia, tunawafundisha nayo watoto. Kwa kumfanya Nyundo mpumbavu, tunawapokonya babu zetu ushindi wao, na tunapiga makofi tukifanya hivyo.

Watu 3,000 hawajifichi kando ya njia kwa bahati. Kuna aliyejua msafara utapita wapi na lini. Kuna aliyewakusanya kupitia kwa wanzagila, yaani machifu wadogo, akawalisha, akawanyamazisha. Nani hapa amewahi kuwanyamazisha wanafunzi 300 kabla ya mtihani? Munyigumba, baba yake Mkwawa, alikuwa ameunganisha koo nyingi kuwa dola moja kabla ya kufa kwake karibu na mwaka 1879. Vita na Wasangu na Wangoni viliwafunza Wahehe kupangwa kwa vikosi, na kumkaribia adui upesi hata silaha yake ndefu ikose nafasi. Ukiwa hatua chache tu kutoka kwa mwenye bunduki tupu, mkuki ndio silaha ya kisasa.

Kuna habari ya ndege. Inasemwa kwamba ofisa mmoja katika msafara alimpiga ndege risasi, na Wahehe wakaudhania mlio ule kuwa ishara, wakashambulia kabla ya wakati. Wanaoipenda nadharia ya uzembe wanaisimulia wakicheka: hata ndege alichangia! Mimi naisoma vingine kabisa. Ishara imekosewa, mpango umeharibika, na bado watu 3,000 wanainuka kwa pamoja na kumaliza kazi. Jeshi lisilo na nidhamu lingesambaratika pale pale. Kama habari hiyo ni kweli, basi ndege yule ni shahidi wangu, si wa mwenzangu.

Na Nyundo mwenyewe, je? Ili kumwelewa lazima turudi Pangani, miaka mitatu nyuma. Tarehe 16 Agosti 1888 Kampuni ilitakiwa kushika utawala wa pwani iliyokodishwa na Sultani wa Unguja. Mwakilishi wake Pangani alikuwa Zelewski. Wali wa Sultani akamgomea, yeye akaita wanamaji kutoka manowari. Ilikuwa siku za Idd el-Hajj. Mlingoti wa bendera ya Sultani ukakatwa, na inasimuliwa kwamba waliokuwa wakimsaka wali waliingia msikitini pamoja na mbwa. Baada ya wiki chache wenyeji waliwafungia Wajerumani nyumbani mwao, mpaka Septemba alipofika Jenerali Mathews na askari wa Sultani kuwaokoa. Miaka mitatu na siku moja baada ya tarehe ile 16, Nyundo alikufa Lugalo. Sidai kwamba kalenda ina kisasi. Nasema tu kwamba mimi nimeiona.

Mniruhusu niwachoshe kidogo kwa kitabu nikipendacho. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi na mganga wa upande wa Tanga, alitunga utenzi juu ya vile vita vya pwani, na J.W.T. Allen akauhariri ukachapishwa katika miaka ya 1950. Tazameni jina lake tu: *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima*. Angeweza kusema kupigana. Angeweza kusema kuvamia. Akachagua kutamalaki, neno la mali na milki, neno ambalo mwanasheria angeliandika katika hati ya shamba. Mshairi aliona yale ambayo wanahistoria waliyaona baada ya miongo kadhaa: vita vya pwani vilianzia kwenye karatasi ya ukodishaji. Mwanafunzi wangu anayeandika kurasa 400 kuhusu ukoloni wa Kijerumani bila kulitafakari neno hilo moja, namrudisha maktaba.

Utenzi ule ni wa mwaka 1307 wa Hijria, kwa hiyo unakoma kabla ya Lugalo. Lakini ndio unaonionyesha shule aliyosomea Nyundo. Wissmann alikuja na askari wa Kisudani aliowaajiri Misri na wengine kutoka Msumbiji. Mwezi Mei 1889 boma la Bushiri karibu na Bagamoyo likavunjwa. Desemba Bushiri akanyongwa Pangani. Bwana Heri, kiongozi mwingine wa upinzani, akasalimu amri mwaka uliofuata, na Kilwa ikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Mambo yaliyomwaibisha Nyundo mwaka 1888 yalinyooshwa kwa mizinga katika miezi michache. Kwa hiyo alipopanda bara bila tahadhari, hakuwa anasinzia. Alikuwa anafanya jambo lililofaulu kila mahali mpaka siku hiyo. Mwenzangu atasema kwamba huo ndio uzembe wenyewe, na nakiri kuna usiku ambao nimekaribia kumkubalia. Kisha nafikiria ile njia yenye majani marefu, na nabaki na imani yangu: nyundo ilikuwa nzima, isipokuwa ilikutana na chuma.

Askari waliokufa pale nimewatafuta zaidi kuliko nilivyomtafuta yeye, na nimepata idadi tu. Leo hata jina la mahali walipofia, Lugalo, liko Dar es Salaam, juu ya kambi na hospitali ya jeshi. Kondakta wa daladala huliita mara nyingi kuliko mwanahistoria yeyote. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Lugalo ni nini, atakwambia ni kituo, shuka hapo kama una mgonjwa.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori kati ya Iringa na Morogoro. Kila tulipoupita mnara wa mawe wa kumbukumbu pale Lugalo, kando ya barabara, alipiga honi mara mbili. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa alinionyesha kwa kidevu na kuniambia, "Pale ndipo Nyundo alipokatika mpini." Nikamuuliza honi ile ilikuwa ya nani, ya Nyundo au ya wale waliomuua. Akabadilisha gia, akatazama mbele.