Unga Mweupe Usio na Lebo: Sodiamu Floridi na Namna ya Kuitunza

Mazungumzo ya Idara ya Afya ya Umma kwa wakaazi, walimu wa maabara, wenye maduka na mafundi wa jua kali



Katika kaunti za Bonde la Ufa neno floridi si geni. Wakaazi wengi wamelijua kupitia meno ya kahawia ya watoto waliokulia kwenye maji ya visima virefu. Mazungumzo ya leo, hata hivyo, yanahusu floridi ya aina nyingine: ile inayouzwa ikiwa kwenye mfuko au mkebe kwa jina la sodiamu floridi. Ni unga mweupe usio na harufu. Ukimwagwa kwenye sahani, hakuna awezaye kuutofautisha kwa macho na chumvi laini, glukosi au maziwa ya unga. Hapo ndipo hatari yake kubwa ilipo.

Mnamo Novemba 1942, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya jimbo la Oregon, mjini Salem huko Marekani, mtu alitumwa stoo kuleta maziwa ya unga ya kuchanganya na mayai ya chakula cha jioni. Alichokileta kilikuwa sodiamu floridi, iliyowekwa pale kwa ajili ya kuua mende. Baadhi ya walioonja walisema mayai yana chumvi au ladha ya sabuni. Dakika chache baadaye watu walianza kutapika na kushikwa na maumivu makali ya tumbo. Mamia waliugua na 47 wakafa. Hakuna aliyekusudia kumdhuru mwenzake. Sumu na chakula vilikuwa vinafanana, na mtu angeweza kuvifikia vyote viwili kwa safari moja ya stoo.

Ni kwa sababu ya makosa ya namna hiyo kemikali hupewa alama. Kwa mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, unaoitwa GHS kwa kifupi, sodiamu floridi imewekwa katika ngazi ya 3 ya sumu za kumezwa. Ngazi ni tano, na ya 1 ndiyo mbaya kupita zote. Asije mtu akadhani ngazi ya 3 ni ya katikati, kwa hiyo si kitu. Mpaka kati ya ngazi ya 2 na ya 3 ni miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, na kipimo kinachonukuliwa sana kwa panya wa maabara ni miligramu 52. Imevuka mstari kwa unywele tu. Lebo yake huwa na fuvu la kichwa na mifupa miwili ndani ya mraba uliosimama kwa pembe, wenye ukingo mwekundu, pamoja na neno la Kiingereza "Danger". Huonya pia kwamba unga huu huwasha ngozi na macho. Kwenye gari la mizigo husafirishwa kama sumu, kwa namba UN 1690.

Kiasi nacho kina maana yake. Madaktari huhesabu kwamba mtu aliyemeza miligramu 5 za floridi kwa kila kilo ya mwili wake anapaswa kufikishwa hospitalini bila kungoja dalili. Kwa mtoto wa kilo 15 hiyo ni miligramu 75, na sodiamu floridi inayobeba kiasi hicho haifiki robo ya gramu. Ni kidogo kuliko chumvi inayobanwa kwa vidole viwili. Kwa mtu mzima, gramu 5 hadi 10 zinaweza kuua, nazo huenea kwenye vijiko viwili vya chai.

Hapo wazazi huuliza kuhusu dawa ya meno, maana nyingi zina floridi hiyohiyo. Swali ni la haki. Dawa ya kawaida ya watu wazima ina karibu miligramu moja na nusu ya floridi kwa kila gramu, kwa hiyo mtoto yule wa kilo 15 angelazimika kumeza kama nusu ya tyubu ya gramu 100 ndipo afike kiwango hicho. Punje ndogo kama ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, au kama njegere kwa mkubwa wake, haimdhuru, na inamkinga na meno kuoza. Tyubu yenyewe iwekwe asikoifikia, hasa zile zenye ladha ya matunda. Kuhusu maji ya kunywa, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikumbukwe kwamba kuchemsha maji hakuondoi floridi: maji yakipungua sufuriani, floridi iliyobaki huzidi kukolea.

Tofauti nyingine iko katika kuyeyuka. Florospa, lile jiwe lililochimbwa kwa miaka mingi Kimwarer katika Bonde la Kerio, ni floridi pia, ila imeshikana na kalsiamu na karibu haiyeyuki kabisa katika maji. Sodiamu floridi huyeyuka kwa wepesi, gramu 40 hivi katika lita moja. Ikishafika tumboni, floridi hukimbilia kalsiamu ya damu na kuishika. Misuli hukaza, na moyo, ambao hauwezi kupiga sawasawa bila kalsiamu, hupoteza mpigo wake. Yote hayo yanaweza kutokea ndani ya saa chache.

Kwa hiyo aliyemeza unga huu asukutue kinywa na, ikiwa ana fahamu na anaweza kumeza, apewe maziwa. Nyumbani kwetu maziwa hupewa kila aliyekula sumu, na mara nyingi hayasaidii. Kwa floridi yana sababu, kwani kalsiamu ya maziwa huishika floridi ikiwa bado tumboni na kuifanya kitu cha jamii ya lile jiwe la Kimwarer. Lakini maziwa hayachukui nafasi ya hospitali. Mgonjwa asitapishwe kwa vidole wala kwa maji ya chumvi, na mkebe wenye lebo uende naye. Daktari atakayesoma jina la kemikali atajua mapema kwamba mgonjwa anahitaji kalsiamu kwa mshipa na moyo wake kuangaliwa kwa mashine. Unga ukiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi.

Waosha vyoo na mafundi wa chuma wasikie hili pia. Sodiamu floridi ikikutana na asidi, ikiwemo ile ya kusafishia vyoo au ya betri, hutoa hidrojeni floridi, hewa inayounguza mapafu na ngozi. Vitu hivyo viwili havikai rafu moja. Maji yaliyoyeyushwa sodiamu floridi hula kioo polepole, kwa hiyo huwekwa kwenye chupa za plastiki zilizoandikwa, kamwe si chupa ya soda. Anayepima unga huu avae glavu, miwani na barakoa ya vumbi, na asile wala kunywa mahali hapo. Uliomwagika haufagiliwi mkavu ukapeperuka: hukusanywa kwa kitambaa chenye unyevu, nacho kikatiwa kwenye mfuko wenye jina.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kemikali za kazini ziwe na lebo na karatasi ya maelezo ya usalama. Mfanyakazi ana haki ya kuiomba karatasi hiyo na kuisoma kabla ya kufungua mkebe. Mwenye duka anayepimia wateja unga kutoka mfuko mkubwa kwenda karatasi za nailoni amekata lebo hiyo kwa mkono wake, hata kama ule mfuko mkubwa umeandikwa vizuri.

Limebaki suala la mikebe ya zamani. Katika maabara za shule na stoo za karakana kuna mikebe ambayo maandishi yamefutika na aliyeinunua amestaafu. Mkebe wa namna hiyo usionjwe, usinuswe, usimwagwe chooni wala kwenye shimo la taka. Ufungwe, uandikwe "haijulikani, ni sumu", uwekwe kwenye kabati yenye kufuli, kisha afisa wa afya ya umma wa wadi ajulishwe ili uchukuliwe na wasafirishaji wa taka hatari wenye leseni ya NEMA.